Jakuzi za kisasa: Zinabana umeme na kujisafisha, lakini bado zinahitaji jicho la mwenye nazo

JAKUZI, lile beseni kubwa la maji ya moto yanayotibuka kwa mapovu, si kitu kigeni tena Afrika Mashariki. Hoteli za fukwe za Zanzibar na nyumba za watalii zilizo kwenye baridi ya kingo za Ngorongoro zimekuwa zikizitangaza miongoni mwa huduma zao, na baadhi ya familia zenye uwezo zimeanza kuziweka nyumbani.

Zinazotengenezwa sasa zimetofautiana sana na zile za miaka 20 iliyopita. Zinatumia umeme kidogo zaidi, zinasaidia kusafisha maji yake zenyewe, na nyingi zinaweza kuamriwa kwa simu ya mkononi mwenye nyumba akiwa safarini.

Hata hivyo, maboresho hayo yamezua dhana kwamba kifaa hiki sasa kinajiangalia chenyewe. Dhana hiyo ni ya hatari, kwani maradhi na ajali zilizowahi kuua watu kwenye maji haya zinatokana na mambo ambayo teknolojia hupunguza tu, haiyaondoi.

Chimbuko lake

Jina lenyewe ni la ukoo. Ndugu wa familia ya Jacuzzi walihamia Marekani kutoka kaskazini mashariki mwa Italia mwanzoni mwa karne ya 20, wakaanza kwa kutengeneza panga za ndege huko California na baadaye pampu za kuvuta maji visimani.

Katika miaka ya 1950, Candido Jacuzzi alikuwa na mtoto aliyekuwa akiugua baridi yabisi. Familia ikaunda pampu ndogo ya kutumbukizwa ndani ya bafu la kawaida ili mtoto huyo apate nyumbani tiba ya maji aliyokuwa akiipata hospitalini. Mwaka 1968, Roy Jacuzzi wa kizazi kilichofuata alileta sokoni bafu ambalo pampu na matundu yake vilikuwa vimejengewa ndani.

Kanuni ya kazi haijabadilika tangu hapo. Pampu husukuma maji yapite kwenye tundu jembamba, maji yanapoongeza mwendo hapo msukumo wake hushuka, na hewa hufyonzwa kutoka kwenye bomba la pembeni. Mchanganyiko huo wa maji na hewa ndio unaopiga mgongo na mabega ya aliyeketi ndani. Kilichobadilika ni vitu vinavyoizunguka kanuni hiyo.

Umeme: mabadiliko makubwa kuliko yote

Gharama kubwa ya jakuzi ni kupasha maji na kuyaweka moto. Ili jakuzi ya lita 1,200 itoke nyuzijoto 26 hadi 38 inahitaji takribani uniti 17 za umeme, na hita ya kilowati tatu itafanya kazi hiyo kwa muda wa saa tano na nusu hivi.

Miundo mipya inapunguza mzigo huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni pampu ya joto, inayofanya kazi kama kiyoyozi kilichogeuzwa. Badala ya kuzalisha joto kwa koili, hukusanya joto lililopo hewani na kulihamishia kwenye maji. Ikiwa pampu hiyo inatoa joto mara nne ya umeme inaoutumia, zile uniti 17 hushuka hadi nne au tano hivi. Kadiri hewa ilivyo ya joto ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi, hivyo Mombasa na Dar es Salaam zinafaa kuliko miji ya Ulaya inakouzwa kwa wingi.

Njia ya pili ni kuzuia joto lisitoroke. Kuta za beseni hujazwa povu gumu la kuzuia joto, na vifuniko vimekuwa vinene zaidi, vyenye mteremko wa kumwaga maji ya mvua na kingo zinazoziba vizuri. Sehemu kubwa ya joto hupotea kwa juu, hivyo kifuniko kilicholowa na kuwa kizito ni dalili kwamba mwenye nacho analipia umeme unaopaa angani.

Jimbo la California limekuwa likiwabana watengenezaji kwa sheria katika jambo hili. Kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 ziliweka kikomo kipya cha umeme ambao jakuzi inaruhusiwa kutumia ikiwa imefunikwa na haina mtu ndani. Kwa jakuzi ya kawaida ya lita 1,325, hesabu ya kanuni hiyo inatoa wati 226 hivi, ikilinganishwa na takribani wati 248 kwa kanuni iliyotangulia.

Wati 226 mchana na usiku ni kama uniti 163 kwa mwezi. Ni zaidi ya mara mbili ya uniti 75 ambazo ndizo kikomo cha mwezi kwa mteja mdogo wa majumbani wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), na hapo hakuna aliyeoga.

Kipimo hicho lakini ni cha mazingira ya baridi. Joto hutoroka kulingana na tofauti iliyopo kati ya maji na hewa, hivyo jakuzi yenye maji ya nyuzi 39 itapoteza chini ya nusu ya joto hilo ikiwa mahali penye nyuzi 28 kuliko penye nyuzi 15. Mwenye hoteli Karatu na mwenye hoteli Nungwi wakinunua jakuzi za aina moja hawatalipa ankara moja.

Aidha, jakuzi nyingi za kisasa zina pampu ndogo ya kuzungushia maji inayotumia wati chini ya 100 na kufanya kazi muda mrefu, wakati zile pampu kubwa za mapovu huwashwa tu watu wanapoingia. Taa nazo zimekuwa za LED.

Usafi wa maji na uvumi wa chumvi

Maji ya moto yanayotibuka ni makazi mazuri ya vijidudu. Joto huharakisha kupotea kwa klorini, mapovu huipeperusha, na watu wanne ndani ya lita 1,200 huacha jasho na mafuta mengi kuliko watu wanne ndani ya bwawa kubwa la kuogelea.

Ndiyo maana watengenezaji wameongeza mitambo ya kusafisha. Baadhi ya jakuzi hupitisha maji mbele ya taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo huharibu chembe za uhai za vijidudu visiweze kuzaliana. Nyingine huzalisha gesi ya ozoni na kuichanganya na maji, nayo huunguza uchafu.

Mitambo hiyo miwili ina upungufu unaofanana. Taa huua kile tu kinachopita mbele yake, na ozoni hutoweka baada ya muda mfupi. Hakuna kati ya hizo inayobaki ndani ya maji kumsubiri mtu anayeingia na vijidudu vyake, hivyo klorini au bromini bado inahitajika, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Jakuzi za maji ya chumvi nazo zimepata umaarufu, na wauzaji wengine huzinadi kama zisizo na klorini. Maelezo hayo si sahihi. Umeme unapopitishwa kwenye maji yenye chumvi, klorini huzaliwa humohumo. Anachookoa mwenye nayo ni usumbufu wa kuipima na kuimwaga kila mara.

Mfumo huo una tatizo lake kwa watu wa pwani. Maji ya visima yanayotoka kwenye miamba ya matumbawe huwa na chokaa nyingi, ambayo huganda kwenye hita na kwenye vipande vya chuma vinavyozalisha klorini. Anayetumia maji ya namna hiyo hana budi kuyapima na kuyapunguza ukali kabla ya kujaza.

Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri klorini isipungue sehemu tatu kwa milioni katika maji ya jakuzi, au bromini isipungue sehemu nne, na kipimo cha uchachu, yaani pH, kiwe kati ya 7.0 na 7.8. Karatasi za kupimia ni za bei ndogo, na hakuna mtambo uliochukua nafasi yake.

Mvuke uliobeba kifo

Kinachoogopwa zaidi ni bakteria aitwaye Legionella, anayesababisha homa kali ya mapafu. Hustawi katika maji ya uvuguvugu na kumwingia mtu kwa kuvuta matone madogo yaliyorushwa hewani. Kwa hiyo anayedhurika si lazima awe ameoga.

Mwaka 1999, katika maonyesho ya maua ya Bovenkarspel nchini Uholanzi, jakuzi zilizowekwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu zilitajwa kuwa chanzo cha mlipuko wa ugonjwa huo. Idadi ya vifo inayotajwa mara nyingi ni 32. Waliougua walikuwa wamepita karibu nazo wakitazama bidhaa.

Miaka 20 baadaye hali hiyo ilijirudia. Septemba 2019, baada ya maonyesho ya kilimo katika jimbo la North Carolina, Marekani, watu zaidi ya 130 waliugua na wanne wakafariki dunia. Wachunguzi wa afya walibaini kuwa waliougua walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wamepita karibu na jakuzi za maonyesho.

Mikasa hiyo miwili ina funzo kwa wenye hoteli: jakuzi inayozungusha maji bila kuwa na mteja inahitaji dawa sawa na ile iliyojaa watu.

Tundu linalofyonza

Hatari nyingine iko chini, kwenye tundu ambalo pampu hufyonzea maji. Juni 2002, msichana wa miaka saba, Graeme Baker, mjukuu wa James Baker aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alifariki dunia baada ya kunaswa na nguvu ya ufyonzaji katika jakuzi huko Virginia. Mama yake, Nancy Baker, alipigania mabadiliko, na Desemba 2007 Rais George W. Bush alitia saini sheria yenye jina la mtoto huyo. Ilianza kutumika Desemba 2008.

Tangu hapo, vifuniko vya matundu hayo vinavyouzwa Marekani vinatakiwa kuwa vya umbo lisiloweza kuzibwa na mwili au kunasa nywele. Jakuzi mpya pia huwa na matundu zaidi ya moja, ili likizibwa moja pampu ivute kupitia jingine. Vifuniko hivyo ni vya plastiki na vina umri wake. Kilichopasuka au kulegea ni sababu tosha ya kuzima pampu na kumtoa kila mtu majini.

Simu mkononi, mwizi mlangoni

Badiliko linalovutia vijana ni la kuiamuru jakuzi kwa simu. Mtu anaweza kuwasha hita akiwa ofisini, kupata taarifa ya hitilafu, na katika baadhi ya miundo kusoma vipimo vya maji bila kuinua kifuniko.

Lakini kila kinachounganishwa na intaneti kinaweza kufikiwa na asiyehusika. Desemba 2018, wataalamu wa kampuni ya Uingereza ya Pen Test Partners walionyesha kuwa waliweza kuziamuru jakuzi za watu wengine kwa mbali, zikiwemo pampu na joto lake. Jakuzi iliyopoa inaweza pia kumjulisha mhalifu kuwa wenye nyumba hawapo. Kubadilisha neno la siri la kiwandani na kuweka programu mpya kila inapotolewa ni sehemu ya matunzo, sawa na kuosha chujio.

Kabla ya kununua

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, swali la kwanza linahusu umeme. Jakuzi iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, wakati wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa mizunguko 50. Mota ya kawaida ya mizunguko 60 ikifungwa hapa huzunguka polepole kwa takribani asilimia 17, na pampu hupoteza nguvu. Anayeagiza hana budi kudai muundo wa volti 230 na mizunguko 50.

Pili, ni lazima fundi umeme mwenye leseni afunge kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Kadi za kielektroniki zinazoendesha jakuzi hizi hazivumilii umeme unaopanda na kushuka, hivyo kinga ya volti si anasa.

Tatu ni watu. Mwaka 1979, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitahadharisha kuwa maji yasizidi nyuzijoto 40, kufuatia vifo vya watu waliozidiwa na joto. Kikomo hicho kinatumika hadi leo. Watoto wa chini ya miaka mitano hawashauriwi kuingia, wajawazito na wenye maradhi ya moyo wanatakiwa kumwona daktari kwanza, na pombe haipatani kabisa na maji ya moto.

Wapo pia wasiohitaji kununua chochote. Huko Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, kampuni ya KenGen ilifungua mwaka 2013 bwawa la kuogea linalotumia maji ya moto yatokayo kwenye visima vya jotoardhi. Kwa anayetaka kujua kama atayapenda maji ya moto kiasi cha kuyalipia ankara kila mwezi, safari ya huko inaweza kuwa jaribio la bei nafuu.