Saini ya haraka, kutoka ni kwa barua

Bandugu, nilinunua parseli huku Panda kwa haraka. Muuzaji alisema: «Cheti cha usajili kiko kwa jina langu. Lipa leo, kesho kuna mwingine.» Nikatoa akonti, nikasaini. Kisha ofisi ya hati za ardhi ikanionyesha: jina ni la mtu mwingine.

Tujue hivi: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, njo ingali inaongoza mikataba kwetu, inasema kukubali kwa kudanganywa si kukubali. Lakini kusukumwa kununua haraka hakutoshi; onyesha uongo. Na mkataba hauvunjiki wenyewe: mupatane, ao tribinali iuvunje.

Nilimwandikia barua yenye tarehe, akanisainia kopi. Makuta yalirudi kidogo-kidogo. Sasa ninaanzia ofisini, njo ninasaini.