Daktari wa miguu au wa osteopathi? Kijana asijaze fomu kabla ya kuelewa

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa ana kijana wake Columbus, Ohio, anayemaliza digrii ya kwanza ya biolojia. Kijana amewaeleza wazee kuwa ana njia mbili mbele yake: osteopathi, au podiatria ambayo ni udaktari wa miguu. Babake alinijia barazani baada ya Isha na swali moja tu: "Sasa huyu atakuwa daktari au mkandaji?"

Si swali la kuchekwa. Osteopathi ilianzishwa na Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Aliamini kwamba mifupa na misuli ikikaa sawa, mwili hujisaidia kupona. Lakini Marekani ya leo mwenye shahada hiyo, wanayoiita DO, ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anatibu moyo akitaka. Kunyoosha viungo kwa mikono ni somo la ziada tu. Uingereza ni mambo mengine kabisa: huko mtu wa osteopathi si daktari, na haandiki dawa. Mzazi akiona tangazo la kozi ya London akadhani ni ileile, atalipa karo ya kitu asichokikusudia.

Podiatria ya Marekani, shahada ya DPM, nayo ina upasuaji na dawa, ila mipaka yake ni wayo na kifundo. Akichoka na nyayo za watu baada ya miaka 10, hawezi kuhamia magonjwa ya watoto bila kuanza upya.

Kwa miaka hazipishani sana. Zote ni miaka 4 juu ya digrii ya kwanza. Kisha podiatria ina mafunzo ya hospitali ya miaka 3; DO ni 3 kwa udaktari wa familia, hadi 7 kwa upasuaji wa ubongo. Ushindani wa kuingia DO ni mkali zaidi. Na kote karo ni mzigo, wengi huibeba kwa mikopo yenye riba, jambo ambalo familia yetu ya Kiislamu lazima ilizungumze mapema, si baada ya kutia saini.

Mimi siidharau podiatria hata kidogo. Nani hapa Pwani hana jamaa mwenye sukari? Sukari huua hisia za nyayo; mtu hukanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Kazi kubwa ya daktari wa miguu ni kuuokoa mguu huo mapema. Hukuhimiza utazame nyayo zako kila siku na ukaushe katikati ya vidole. Sisi tunaosha miguu kwa udhu mara tano, na bado hatuitazami.

Kama kijana ana nia ya kurudi, aliandikie baraza la madaktari la Kenya, KMPDC, kabla ya kulipa senti, aulize shahada hiyo itasajiliwa vipi.

Babake keshamwambia aombe kukaa siku mbili kliniki ya miguu na siku mbili kwa daktari wa DO, ndipo ajaze fomu. Vyuo vingi vya osteopathi hufurahia barua ya daktari kama huyo, kwa hivyo safari hiyo haitakuwa ya bure.