Mtoto Anapopata Degedege: Imani na Hofu Zinavyotuamulia

Safari hii tuongee juu ya kitu ambacho darubini ya maabara haiwezi kukionyesha, yaani mambo tunayoyaamini na yale tunayoyahisi moyoni. Mtoto anapokakamaa mikononi mwetu saa nane za usiku, hayo ndiyo huamua kama tutatoka nje au tutafunga mlango.

Hapa Nchelenge malaria, au palu kama tulivyozoea kuiita kwetu Kongo, haina msimu wa mapumziko. Tuko karibu na Ziwa Mweru, vijito na mabonde yenye maji, kwa hiyo mbu wapo mwaka mzima, na wengi huuma usiku wa manane. Kila mzazi anaijua homa. Lakini si kila mtoto mwenye homa hupelekwa kliniki siku ile ile. Kwa nini?

Nianze na nyumba yetu. Tulivuka mpaka mwaka 2017, na mwaka 2018 tukahamia hapa Mantapala. Mvua zilipoanza mdogo wangu wa miaka mitatu akashikwa na homa. Usiku wa pili macho yaligeuka, mikono na miguu ikakakamaa. Mama alijua kliniki iko wapi, na tochi tulikuwa nayo, lakini hakwenda. Alimfukiza majani, akamfunika, akaomba hadi kulipokucha. Mtoto alilazwa siku nyingi, akapona. Lakini hadi leo anaburuta mguu mmoja.

Baadaye nilimuuliza mama kwa upole kilichomzuia. Alinipa sababu tatu.

Ya kwanza ni imani. Kijijini aliambiwa kwamba degedege ni mambo ya pepo, na mtoto akichomwa sindano wakati huo atakufa. Imani hii si ya kwetu peke yetu. Hata pwani ya Tanzania wapo wanaosema degedege huletwa na pepo anayekuja kama ndege, na kwamba sindano huua. Tena mama aliona kwa macho yake mtoto wa jirani akichomwa sindano, kisha akafa.

Ya pili ni hofu. Njia ya giza ilimkumbusha usiku tuliokimbia milio ya bunduki. Alisema miguu ilikataa.

Ya tatu ni aibu. Zamani, katika kituo kimoja, alikemewa mbele za watu kwa kuchelewa kumleta mtoto. Aliapa kwamba hatakemewa tena.

Wazazi wenzangu, mama hakuwa mjinga, wala hakukosa upendo. Alichokiona ni kweli, ila alikosea chanzo. Vijidudu vya malaria huharibu damu, na vinaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo. Sukari mwilini nayo inaweza kushuka. Hapo mtoto hukakamaa au kuzimia. Yule mtoto wa jirani alifikishwa siku ya nne, ugonjwa ukiwa umeshatangulia. Sindano ilikuwa kitu cha mwisho watu walichokiona, kwa hiyo ndiyo iliyolaumiwa. Kisha kwa kuiogopa, mtoto mwingine naye akacheleweshwa. Hivyo hofu ikajitafutia ushahidi mpya.

Degedege nyingine huletwa na joto kali tu, nayo hupita. Lakini nyumbani huwezi kujua ni ipi. Ndiyo maana kila degedege ni ya kupelekwa kliniki mara moja.

Ni nini kilimbadilisha mama? Si mahubiri yetu sisi wahudumu wa kujitolea, maana aliyasikia mara nyingi. Jirani yake mmoja alimpeleka mtoto mwenye degedege usiku ule ule, akachomwa sindano, na baada ya siku chache mtoto akarudi anacheza. Mama alikwenda kumwangalia, akakaa kimya muda mrefu. Mvua zilizofuata, mdogo wangu alipopata joto tu, mama alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Bado aliogopa, lakini alikwenda pamoja na hofu yake.

Kutokana na hayo, nawaomba tufanye mambo haya:

1. Tuamue mapema, tungali watulivu. Leo jioni kubalianeni nyumbani: nani atambeba mtoto, jirani gani atawasindikiza, tochi inakaa wapi. Usiku wa hofu si wakati wa kuanza mashauri.

2. Tuseme hofu yetu wazi. Mwambie mhudumu, "Naogopa sindano." Ana wajibu wa kukueleza bila kukukemea. Na sisi wahudumu tukumbuke kwamba neno kali la leo linaweza kumzuia mama mwakani.

3. Sala isicheleweshe safari. Anayeomba na aombe akiwa njiani.

4. Mtoto akikakamaa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko, dawa wala maji mdomoni. Mpunguzie nguo, usimfunike blanketi. Ondokeni mara moja.

5. Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, hata bila degedege. Tone moja la damu ya kidole latosha. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au asiyeamka vizuri, asisubiri hata saa moja.

6. Tujihadhari na furaha pia. Siku ya pili mtoto hucheka na kuomba chakula, nasi tunaweka vidonge vilivyobaki kwa homa ijayo. Coartem ni ya siku 3, mara 2 kwa siku. Imalizwe yote, hata kama mtoto anaruka.

Chandarua nacho hukumbwa na mambo hayo hayo. Wapo wanaosema cheupe kinafanana na sanda. Kama ndivyo unavyohisi, usikifiche ndani ya mfuko. Mwite mhudumu wa mtaa wako mkitundike pamoja, kisha mlaze mtoto ndani yake usiku huu.

Mama ameniruhusu kuyaandika haya. Ameomba niongeze neno moja: mlango wake uko wazi usiku kwa mzazi yeyote anayeogopa kutembea peke yake kwenda kliniki.