Pika maharage yako kabla hujayauza



Kijana mmoja alinijia analalamika. Alihifadhi maharage miezi saba akisubiri bei ipande. Kumuuzia mama lishe gunia moja tu, kesho yake simu: "Mkaa wangu umeisha, maharage yako hayaivi!" Nikamuuliza, "Wewe uliyapika ukaona?" Akacheka. "Afisa, mimi kupika sijui. Nakula hukohuko kwa mama lishe."

Tatizo liko hapo. Maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu kuiva, hata kama hayana mdudu hata mmoja. Kwa macho hutajua. Sufuria ndiyo itakayokwambia.

Kwa hiyo anza na pishi hili moja:

1. Chambua vikombe 2 vya maharage, osha, loweka usiku kucha kwa maji vikombe 6.

2. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya. Yakianza kuchemka, acha yatokote kwa moto mkali angalau dakika 10. Hapa usifanye mzaha: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha. Moto mdogo peke yake hauimalizi.

3. Punguza moto, funika. Baada ya dakika 45 toa punje 5, zibonyeze kwa vidole. Kama kuna yenye kiini kigumu, ongeza maji ya moto uendelee. Zote zikipondeka, yameiva. Andika muda uliotumia.

4. Pembeni kaanga kitunguu na nyanya, mimina maharage, weka chumvi na tui la nazi, acha dakika 10 kwa moto mdogo. Nyanya isitangulie, maana uchachu wake unachelewesha maharage kulainika.

Utaogopa kukosea? Fanya kama kwenye shamba la majaribio. Mara ya kwanza fuata vipimo vilevile. Mara ya pili badilisha kitu kimoja tu, labda tui au muda wa kuloweka, uone tofauti. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kimeharibu. Ukishapika mara nne au tano, mkono wenyewe utazoea.

Sasa turudi kwenye biashara. Pika kikombe kimoja mara baada ya kuvuna na kukausha, uandike muda wa kuiva. Kisha rudia kila mwezi kutoka ghalani, kwa sufuria ileile na jiko lilelile. Ukiona muda unazidi kuongezeka, usiendelee kusubiri bei, uza mapema. Na ghala liwe kavu, lenye ubaridi, mbali na bati linalochoma. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia wadudu, lakini joto haizuii.

Yule kijana siku hizi anapika. Mteja akimuuliza, "Yanaiva haraka?" anataja dakika, habahatishi.

Kazi njema shambani, na jikoni pia.