Ulivua skafu baada ya Kidato cha Nne? Maskauti bado wanakuhitaji

Umewaona mara nyingi. Ni Jumamosi asubuhi, uko stejini ukingoja matatu ya kuelekea tao, na kando ya barabara wanapita watoto kumi hivi wenye skafu shingoni na mabegi mgongoni. Mmoja amebeba sufuria. Mwingine ana fimbo ndefu kumliko. Nyuma yao anatembea mwalimu mmoja, jasho likimtoka, akihesabu vichwa kila wanapovuka barabara.

Pengine unatabasamu, maana hata wewe ulikuwa hapo. Ulikula kiapo, ukajifunza kufunga mafundo, ukalala kwenye hema lililovuja, ukarudi nyumbani ukinuka moshi hadi mama akakuuliza kama ulienda kambi au ulienda kuchoma makaa. Kisha mtihani wa Kidato cha Nne ukafika. Skafu ikakunjwa, ikawekwa chini ya sanduku, na hadithi ikaishia hapo.

Makala haya ni yako. Ni yako pia wewe ambaye hukuwahi kuwa skauti lakini una Jumamosi mbili tatu zisizo na mpango na umechoka kukodolea simu macho. Maana huyo mwalimu anayehesabu vichwa anahitaji mtu wa pili, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Pengo liko wapi

Uskauti hapa Kenya umegawanywa kwa umri, na majina ya ngazi zake ni matamu. Watoto wadogo wa shule ya msingi huitwa Sungura. Wakikua kidogo wanakuwa Chipukizi. Vijana wa shule ya upili ni Mwamba. Halafu, ukishatimiza miaka 18, kuna ngazi ya Jasiri, ambayo hukupeleka hadi katikati ya miaka yako ya ishirini.

Hiyo ya mwisho ndiyo wengi hawajui kwamba ipo. Sababu si siri. Makundi mengi yako shuleni. Ukiwa mwanafunzi kila kitu kinakujia chenyewe: kuna mwalimu mlezi, kuna siku ya vilabu, kuna wenzako. Siku unayorudisha vitabu vya shule na kuondoka, hakuna anayekufuata mtaani kukuambia kwamba kuna ngazi nyingine. Unaanza kutafuta chuo au kazi, na skafu unaisahau.

Kule shuleni nako mambo hayasimami. Yule mwalimu mlezi ana madarasa ya kufundisha, karatasi za kusahihisha, na pengine timu ya kandanda juu yake. Akihamishwa, mara nyingi kundi hulala. Watoto wanabaki na skafu lakini hawana shughuli.

Kwa hivyo usidhani kinachoua kundi la skauti ni ukosefu wa hema au kamba. Kamba hununuliwa, na hema huazimwa. Kinacholiua ni kukosa mtu mzima anayerudi kila wiki. Shika neno hilo, kurudi, kwa sababu ndilo linalotenganisha kujitolea kwa kweli na kupiga picha za kuweka mtandaoni.

Si jambo la kigeni kwetu

Huenda unajiambia uskauti ni mambo ya Wazungu. Ulianzia Uingereza, kweli. Robert Baden-Powell alifanya kambi yake ya kwanza ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea mwaka wa 1907, akiwa na wavulana wapatao 20. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1910, uskauti ukawa umefika Kenya.

Mzee huyo mwenyewe alikuja kumalizia maisha yake Nyeri. Aliishi katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, na akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko mjini humo, na kwenye jiwe pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kwa maskauti, alama hiyo njiani humaanisha kwamba aliyetangulia amekwenda nyumbani. Ndiyo maana kila Februari, wakati wa kukumbuka siku aliyozaliwa, yaani tarehe 22, maskauti kutoka kaunti mbalimbali hufunga safari kwenda Nyeri, na wengine huja kutoka nchi za mbali.

Si kila ukurasa wa historia hiyo ni wa kupigiwa makofi. Enzi za ukoloni makundi yalitenganishwa kwa rangi ya ngozi. Lakini Wakenya waliuchukua uskauti wakaufanya wao. Mwaka wa 1973 Nairobi iliandaa Kongamano la Dunia la Maskauti. Mwaka wa 2010, Kenya ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuandaa mkutano wa dunia wa maskauti vijana, unaoitwa World Scout Moot. Kambi ya Rowallan, kandokando ya msitu wa Ngong jijini Nairobi, ndiyo makao ambayo maskauti wa Kenya huyataja kwa fahari. Na leo wasichana na wavulana huvaa skafu ileile.

Nafasi zilizopo

Sasa tuje kwa yale yanayokuhusu. Unaweza kufanya nini hasa?

Ya kwanza ni kusaidia kundi la shule iliyo karibu nawe. Hii ndiyo inayohitajika zaidi, na ndiyo isiyo na mbwembwe. Unaenda alasiri moja kwa wiki. Unafundisha fundo moja, unachezesha mchezo mmoja, unaonyesha jinsi ya kufunga bendeji au kusoma dira. Kama umesomea huduma ya kwanza, upishi, umeme au kompyuta, huo ni mtaji tayari. Mtoto wa miaka 12 hajali kama shahada yako imekupa kazi au la. Anajali kama ulisema utakuja Ijumaa na kweli ukaja.

Ya pili ni kazi za jamii. Chukua upandaji miti. Serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na kila msimu wa mvua utaona watu wakipanda, wakipigwa picha, wakiondoka. Miche mingi hufa kiangazi kikija kwa sababu hakuna aliyerudi kuimwagilia wala kuizungushia miiba mbuzi wasiile. Kundi la skauti lina nafasi nzuri hapo, kwa kuwa liko mahali pale pale mwaka mzima. Lakini watoto hawawezi kujipanga wenyewe. Wanahitaji mtu wa kusema, "Jumamosi hii tunabeba mitungi."

Ya tatu ni kusaidia kwenye hafla kubwa: kambi za kaunti, maadhimisho ya Nyeri, sherehe za kitaifa ambapo maskauti huelekeza wageni. Hapa kazi huwa ya siku chache. Ni kupanga foleni za chakula, kusimamia maji, kuhesabu mahema, kukaa kwenye meza ya huduma ya kwanza. Ukitaka kuonja kabla hujajifunga kwa muda mrefu, anzia hapa.

Ya nne haihitaji hata nauli. Kila Oktoba maskauti duniani hukutana kwa redio na intaneti katika tukio linaloitwa JOTA-JOTI. Watoto wengi hukosa kwa sababu tu hakuna mtu mwenye kompyuta, bando na subira ya kukaa nao. Kama wewe ndiye fundi wa teknolojia mtaani, umeshaipata kazi yako.

Ya tano ni ya kimataifa. Mwaka wa 2027 Jamboree ya Dunia itafanyika Poland, karibu na mji wa Gdańsk. Wanaoshiriki kambi yenyewe ni wa miaka 14 hadi 17, lakini waliotimiza 18 wanaweza kuomba kuwa katika kikosi cha huduma, wale wanaoendesha kambi kuanzia jikoni hadi zahanati. Hata kambi ya kimataifa ya Kandersteg, kule Uswisi, hupokea vijana wa kujitolea kutoka nchi nyingi.

Usiruke kwa furaha bado, kwanza sikiliza.

Pesa, tuseme ukweli

Najua swali ambalo limekukaa moyoni tangu mwanzo: "Hii inalipa ngapi?"

Hailipi. Hata kikosi cha huduma cha Jamboree hulipa ada, na tikiti ya ndege na viza ni juu ya mwenyewe au mfadhili wake. Kwa hivyo mtu akikutumia ujumbe kwamba kuna "nafasi za skauti Ulaya, mshahara mnono, tuma pesa ya usajili kwa nambari hii", jua ni wakora. Nafasi halali hupitia chama cha maskauti cha taifa, si kwa wakala wa mtandaoni.

Hapa nyumbani pia, kujitolea kusiwe jina jingine la kutumiwa bure. Kabla hujakubali, uliza maswali manne. Nauli na chakula cha mchana ni juu ya nani? Nikiumia kazini, kuna mpango gani? Msimamizi wangu ni nani? Ni kwa muda gani? Asiyetaka kujibu maswali hayo hajajipanga, na una haki ya kusema hapana. Pia usitoe usichonacho. Kama alasiri moja kwa mwezi ndiyo unayoweza, ahidi moja. Ni afadhali moja uliyotimiza kuliko nne ulizoahidi ukazikosa.

Unachopata ni kingine. Unajifunza kusimama mbele ya watu 30 wasiotaka kunyamaza na kuwafanya wakusikilize. Unapata mtu anayeweza kuandika barua kusema alikuona ukifanya kazi miezi minane mfululizo. Ukiendelea, kuna mafunzo ya viongozi yanayoitwa Wood Badge, yaliyoanza Gilwell Park, Uingereza, mwaka wa 1919, na ambayo viongozi wa skauti kote duniani wanayaheshimu. Hayo si mshahara, lakini wewe unayetarmaki unajua jinsi ilivyo ngumu kujaza ile sehemu ya "uzoefu".

Watoto kwanza

Kuna jambo moja ambalo halina mzaha. Utakuwa karibu na watoto wa watu wengine.

Shirika la maskauti duniani lina sera ya kuwakinga watoto, inayoitwa Safe from Harm, na mafunzo yake yako mtandaoni. Yafanye kabla hujakanyaga uwanjani. Ukiombwa cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi, usinune wala usione kama umeshukiwa. Kinaombwa kupitia eCitizen, na wewe mwenyewe ungetaka anayelala kambini na mdogo wako awe nacho.

Kuna kanuni nyepesi za kushika. Usibaki peke yako na mtoto mahali ambapo wengine hawawaoni. Usimtumie mtoto jumbe za siri usiku. Usiweke picha yake mtandaoni bila ruhusa ya mzazi. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Na ukiona mwenzako, hata awe mkubwa wako, anavunja kanuni hizo, sema. Kunyamaza ili usiharibu jina la kundi ndiko kunakoliharibu zaidi, tena anayeumia ni mtoto.

Hii pia ndiyo sababu yule mwalimu anahitaji mtu wa pili. Mtoto mmoja akiugua njiani, mmoja anampeleka zahanati na mwingine anabaki na wale tisa. Mtu mmoja peke yake hawezi kufanya yote mawili.

Uanzie wapi

Anza na shule uliyosoma au iliyo jirani. Nenda wakati wa kazi, mwone mwalimu mkuu au mwalimu mlezi wa skauti, umweleze una nini na una muda gani. Jibu linaweza kuwa, "Kundi letu lilikufa." Hilo si mwisho wa safari. Uliza lilikufa lini, na skafu ziko wapi. Kama shule haikubali, tafuta ofisi ya maskauti ya kaunti yako, uulize kuhusu ngazi ya Jasiri na makundi ya mtaani yasiyofungamana na shule. Beba kitambulisho, na ukubali kujisajili rasmi. Usijifanye kiongozi kwa sababu tu una sare ya zamani.

Kisha nenda siku ya kwanza. Huenda ikakuboesha. Watoto watakupima, watacheka jinsi unavyofunga fundo, mvua itanyesha, na kurudi nyumbani utakuwa umetumia nauli ya mikate miwili.

Siku ya kwanza, kwa kweli, haisemi mengi, maana wengi huja mara moja. Watoto wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Wamezoea wageni wanaoleta soda, wanaopiga picha na kutoweka. Wiki ya pili watakuangalia kwa mshangao kidogo. Wiki ya tatu kuna mmoja atakayekukimbilia langoni akiwa na kamba mkononi, akuonyeshe lile fundo ulilomfundisha. Huyo ndiye wa kumrudia wiki ya nne.