Gobore la Babu na Kifungo cha Miaka 20

Gobore halina fahari ya kutazamwa. Mtutu wake mara nyingi ni kipande cha bomba la chuma, kitako kimechongwa kwa mti, na baruti hushindiliwa kwa ufito kupitia mdomoni, kisha zikafuatia gololi au vipande vya chuma. Vijijini Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, silaha ya namna hii inaweza kuwa imechomekwa darini au imelazwa kwenye dungu la kulindia shamba. Huenda mwenye nyumba aliirithi kwa babu yake na haijalia miaka mingi. Mbele ya sheria, hata hivyo, gobore ni silaha ya moto kama nyingine, na kukutwa nalo bila leseni ni kesi ya uhujumu uchumi.

Hapo ndipo familia nyingi hushtuka. Watu wamezoea kusikia uhujumu uchumi ukitajwa kwa vigogo waliofuja fedha za umma, si kwa mkulima wa ufuta na korosho. Lakini kumiliki silaha kinyume cha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kumeingizwa katika Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Marekebisho ya mwaka 2016 yakapandisha adhabu ya makosa hayo: kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mtu wa miaka 50 akitiwa hatiani, uzee wake wote unaweza kuishia gerezani.

Ukali huo una sababu zake. Wilaya hizi zinapakana na Liwale, na zaidi yake yapo mapori yaliyokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, ambalo eneo lake kubwa lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Bunduki iliyofichwa kijijini inaweza kumuua tembo porini, na inaweza pia kutumika kumpora mfanyabiashara msimu wa korosho. Upande wa kusini kuna mpaka wa Msumbiji. Oktoba 2020 wapiganaji waliotoka jimbo la Cabo Delgado nchini humo walivuka Mto Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara, na tangu hapo hakuna ofisa wa usalama kusini anayeichukulia silaha isiyo na karatasi kuwa jambo dogo.

Wanakijiji nao wana yao. Tembo wakiingia shambani usiku, chakula cha mwaka mzima huliwa kabla jua halijachomoza, na wapo watu waliouawa na wanyama hao. Mkulima aliyelala dunguni na gobore huona analinda watoto wake. Maelezo hayo yanaeleweka kwa ubinadamu, ila hayawezi kuchukua nafasi ya leseni.

Pamoja na ukali wote huo, kushtakiwa si kutiwa hatiani. Mzigo wa kuthibitisha kosa uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho, na kesi nyingi za silaha husimama au huanguka kwa mambo yaliyofanyika siku ya kwanza, kabla mshtakiwa hajamwona hakimu.

Jambo la kwanza ni upekuzi. Kwa kawaida polisi anayeingia nyumbani kwa mtu awe na hati ya upekuzi au kibali cha maandishi, na upekuzi ufanyike mchana, isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Sheria inakubali dharura, lakini dharura lazima iwe ya kweli. Katika Rufaa ya Jinai Na. 390 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilikataa kuuita wa dharura upekuzi uliofanyika bila kibali.

Kitu kikikamatwa, hujazwa hati ya ukamataji. Karatasi hii ni moyo wa kesi. Huandikwa tarehe, saa, mahali, na maelezo ya kilichokamatwa: ni gobore au ni bunduki ya kiwandani, ina namba gani au haina, risasi ni ngapi. Chini yake husaini ofisa aliyepekua, mwenye nyumba, na shahidi huru, ambaye vijijini mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji au jirani. Mwenye nyumba anayo haki ya kusomewa kabla ya kutia dole gumba. Shahidi aliyeitwa bunduki ikiwa tayari mezani hakuona ikitolewa darini, na wakili makini atamuuliza hilo mahakamani.

Jambo la pili ni umiliki wenyewe. Bunduki kukutwa ndani ya nyumba yako hakutoshi peke yake. Mahakama zetu zimeshikilia, tangu uamuzi uliojulikana sana wa mwaka 1987, kwamba mtu huhesabiwa kuwa na kitu ikiwa alijua kipo na alikuwa na mamlaka nacho. Swali hili huwa zito katika nyumba yenye vijana watatu, wapangaji na wageni, au pale silaha inapookotwa kwenye kichaka kilicho nyuma ya uwanja usio na uzio.

Kisha silaha hupita katika mikono mingi: askari aliyeikamata, mtunza vielelezo kituoni, mtaalamu wa silaha anayeichunguza na kueleza kama kweli ni bunduki inayoweza kufyatua, mpaka mahakamani. Uamuzi wa Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007 ulidai safari hiyo ionekane kwenye maandishi. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kamba kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kwa hiyo mshtakiwa asitegemee kosa dogo la karatasi limtoe. Hata hivyo, gobore lisilo na namba wala alama ni lazima lielezwe vizuri, la sivyo mahakama itajuaje kuwa ndilo lile?

Maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa, nayo yana kanuni zake. Mtuhumiwa huhojiwa ndani ya saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Anayo haki ya kunyamaza. Aliyepigwa au kutishwa aseme mapema, pale upande wa mashtaka unapotaka kuyatoa maelezo hayo kama kielelezo. Akingoja wakati wa utetezi, amechelewa.

Lipo pia jambo ambalo wasio wanasheria hawalijui kabisa. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya uhujumu uchumi mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka, au aliyekasimiwa madaraka yake, atoe kibali cha kushtaki na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Katika Rufaa ya Jinai Na. 270 ya mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo kwa sababu nyaraka hizo hazikutaja ipasavyo kifungu cha kosa. Kubatilishwa si lazima kuwe uhuru. Kesi inaweza kurudishwa kusikilizwa upya, isipokuwa ushahidi ni dhaifu au haki haitatendeka kwa kurudia.

Kwa ambaye kosa lake liko wazi, tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, chini ya usimamizi wa mahakama. Ni njia ya kujadiliwa na wakili, si ya kukubaliana juu juu kwenye korido.

Wakili ndiye kikwazo kikubwa kwa watu wa Nachingwea na Ruangwa, maana fedha ni chache. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria kwa ajili ya wasio na uwezo, na hakimu anaweza kuombwa msaada huo mwanzoni mwa kesi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo mshtakiwa asione haya kusema kuwa hakuelewa shtaka.

Anayehifadhi gobore leo asingoje kubishiwa hodi. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, kama ule wa Septemba na Oktoba 2023, ambapo aliyesalimisha silaha kwa hiari hakushtakiwa. Tangazo likitoka, mwenyekiti wa kijiji alisome kwenye mkutano wa hadhara, na wazee waambiwe bayana kuwa urithi huo unaweza kumfunga mjukuu. Na ambaye ndugu yake amekwisha kuhukumiwa asikae na huzuni nyumbani: notisi ya kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe hupelekwa ndani ya siku 45 bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu, na mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza.