Kumwajiri mlemavu ni nusu ya safari

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 chaagiza kwamba, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya umma, vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, wawe walemavu. Ni agizo la haki. Hata hivyo, hesabu ya viti haimfai kitu kiziwi aliyeajiriwa katika ofisi ambamo hapana ajuaye Lugha ya Ishara ya Kenya. Maagizo humpita, mizaha humpita, na hatimaye cheo nacho humpita.

Nchini Marekani upo utaratibu wa ajira yenye usaidizi, uliotambuliwa na sheria ya taifa hilo mwaka 1986. Awali mlemavu alifunzwa katika karakana za kando, akingojea kazi ambayo mara nyingi haikuja. Utaratibu huu uligeuza mambo: mtu huajiriwa kwanza, kisha mkufunzi huandamana naye kazini, akamwelekeza kazi kipande kwa kipande, akawazoeza wenzake kuwasiliana naye, halafu akajiondoa polepole.

Sisi twaweza kuanza na lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo chaitaka Serikali ikuze Lugha ya Ishara na Breli. Basi, amwajiriye kiziwi na awafunze pia wafanyakazi wenzake ishara za kazi ile.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mlemavu amekuwa mgeni wetu siku nyingi mno. Jembe tumpe, na shamba tumwonyeshe.